Chupa ya Mwisho ya Marehemu

Siku arobaini na sita kabla ya chakula kile cha mchana, niliamka na mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kudekezwa na mama yangu kwa simu. Yalikaa siku sita, yakaondoka, na yalipoondoka yaliondoka na pua yangu.

Pua yenyewe ilibaki palepale usoni, na chunusi yake moja. Ila haikusikia kitu. Nilifungua chupa ya spiriti nikaishika chini ya matundu, nikavuta pumzi mpaka machozi yakanitoka, na sikusikia chochote. Daktari alinimulika kwa tochi, akasema inaweza kurudi na inaweza isirudi, akaniandikia dawa ya matone na kumwita mgonjwa mwingine.

Mtu mwingine angelisimulia jambo hilo akacheka. Mimi kunusa ndiyo kazi yangu. Nimeajiriwa kwenye kituo cha kukagua mvinyo, katika chumba kirefu chenye meza nyeupe, taa nyeupe na ndoo za kutemea. Tunaletewa glasi zenye namba, bila jina la mtengenezaji, na sisi tunaandika: huu mzuri, huu wa kawaida, huu urudishwe ulikotoka. Wenzangu pale hawaniiti kwa jina. Wananiita Pua.

Na Twiga alinipenda kwa pua hiyo. Angalau ndivyo nilivyoamini.

Jina la Twiga alipewa na ndugu zake alipokuwa na miaka kumi na sita, alipoanza kujigonga kwenye mlango mfupi wa ghala la mvinyo la baba yake. Kovu analo mpaka leo, juu ya nyusi. Tulikutana kwa ugomvi. Niliurudisha mvinyo wake, nikaandika kwamba unanuka mpira, naye akaja kituoni na barua yangu mkononi, amevimba. Nilimwambia aende nyumbani akanuse mpira wa maji anaooshea mapipa. Baada ya siku nne alirudi bila barua. Alikuwa na kipande cha mpira ndani ya mfuko, na anacheka mwenyewe.

"Nimeunusa," alisema. "Sasa nataka kujua unanusa nini kingine."

Nikamwambia ananukia mapipa ya mwaloni, moshi, na mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Tukaenda kula.

Tangu siku hiyo huo ukawa mchezo wetu. Kila tukikutana naweka pua chini ya sikio lake, nafumba macho, namwambia ametoka wapi. Ghalani, shambani, kwa kinyozi. Sikuwahi kukosea, naye hakuwahi kuchoka kushangaa. Mwanaume mzima, mrefu kama nguzo, anainama nimnuse shingo huku anatabasamu kama amepewa zawadi. Mungu wangu, nilimpenda.

Basi mtanielewa kwa nini sikumwambia. Siku ya kwanza nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikasema ngoja nimalize dawa. Dawa ikaisha. Kazini nilijificha nyuma ya Mzee Miwani, mwonjaji mkongwe anayekaa mkono wangu wa kulia, ambaye akikutana na mvinyo mbovu hujikuna sikio bila kujijua. Akijikuna, naandika mbovu. Asipojikuna, naandika ninayoyaona kwa macho na kuyasikia kwa ulimi, na harufu naikopa kwenye kumbukumbu. Siku arobaini nilikula kwa sikio la mzee wa watu, na hakuna aliyenishtukia.

Kwa Twiga niliendelea na mchezo. Naweka pua chini ya sikio, nafumba macho, nasema la kusema.

Ndipo mama yake alipotuma neno kwamba niende Jumamosi, mchana, atafungua chupa.

Mwaka mzima mama huyo alikuwa amenikataa, na hakunikataa kwa matusi. Alisema tu kwamba watu wa kazi yangu huweka namba juu ya jasho la wenzao, kisha huenda kulala usingizi mzuri. Kaka yake, mjomba wa Twiga, yeye alikuwa na hoja yake nyingine: mwanamke anayekunywa kazini atakunywa na nyumbani. Twiga alieleza mpaka akachoka kwamba tunatema. Mjomba akajibu kwamba hiyo ndiyo mbaya zaidi, kuharibu kinywaji.

Kwa hiyo wito ule kwa Twiga ulikuwa sherehe. Alinifuata kwa pikapu yake, ile aliyokuwa akiitengeneza kila mwisho wa wiki, na njia nzima hakunyamaza. Meza yangu ataiweka upande wa kaskazini wa ghala, kwenye mwanga mzuri. Mimi nitaonja kila pipa kabla halijafungwa. Mama akinisikiliza mara moja tu, basi, harusi haitavuka mavuno. Nilifungua kinywa mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza akaniuliza kama nasikia joto, akateremsha kioo. Mara ya pili tukawa tumefika.

Chakula kilipita salama. Mjomba alikula akiwa amejifunga kitambaa kifuani, akaniuliza habari za wazazi wangu, akaiangalia glasi yangu ya maji kama anayehesabu. Mama alisema maneno machache. Alivaa gauni la bluu nzito na miwani yenye kamba, na nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya marehemu mume wake, mtu mwembamba ameshika mkasi wa kupogolea mizabibu, anaonekana amekatishwa kazi ili apigwe picha.

Vyombo vilipoondolewa, mama aliinuka mwenyewe. Aliporudi alikuwa amekumbatia chupa yenye vumbi.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema.

Alieleza taratibu, akiwa bado ameikumbatia. Mume wake aliukamua mvinyo huo kwa mikono yake mwaka aliofariki, na hakuwahi kuuonja. Zilikuwa chupa kumi na nne. Kila mwaka, siku ya kufariki kwake, mama alifungua moja na kunywa peke yake. Sasa imebaki hii, na ameamua kuifungua kwa ajili yangu.

"Namba zako sizitaki, binti," alisema. "Baba wa nyumba hii alikuwa akisema mwonjaji wa kweli akinywa mvinyo humwona aliyeutengeneza. Onja, uniambie unamwona nani."

Mjomba akakumbusha kanuni, kana kwamba siijui. Mwonjaji husema kwanza, na wengine wote hufunga midomo mpaka amalize, wasije wakampotosha. Kanuni hiyo ni ya kituoni kwetu pia. Ila kituoni kuna sikio la Mzee Miwani, na hapa palikuwa na uso mmoja tu ninaoujua kuusoma.

Nikauangalia uso huo. Twiga alikizungusha kizibuo polepole, akavuta, kizibo kikatoka kizima. Akakipeleka puani kama inavyotakiwa. Akatulia kidogo. Kisha akanyanyua macho, akanitazama mimi, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la pembeni, la mtu aliyeshika karata nzuri.

Nikashusha pumzi. Mvinyo ni mzuri, nikajiambia. Asante Mungu, ni mzuri.

Alimimina glasi nne. Mama akainua yake, akaifikisha puani, akairudisha mezani na kuifunika kwa kiganja. Nikasema moyoni, anamkumbuka mume wake. Mjomba akakohoa ndani ya kitambaa. Nikasema, chakula hicho. Ajabu ya mtu aliyekwisha kuamua ni kwamba kila kitu kinamkubalia.

Niliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Ukingoni mvinyo ulikuwa umeanza kuwa rangi ya tofali la zamani, ila katikati bado ni mwekundu wa komamanga. Nikazungusha. Matone yake, tunayoyaita machozi, yalishuka kwenye kioo polepole, mazito. Nikatia pua ndani, nikahesabu mpaka nne, nikatoa. Kisha nikanywa.

Na hapo, nawaapia, sikudanganya hata neno moja. Ulimi wangu haukuwahi kuugua. Uchachu ulikuja pembeni ya ulimi, safi, mate yakajaa. Halafu ukakasi, ule unaokausha fizi, ambao kwenye mvinyo wa haraka hukuparura kama unakula ndizi mbichi. Huu haukuparura. Ulikuja taratibu ukashika fizi za nyuma, ukakaa, kisha ukaachia wenyewe. Sikutema. Nilimeza.

"Namwona mtu asiye na haraka," nilisema. "Alikamua kwa mkono mwepesi, akasubiri, akakamua tena. Hakutaka mbegu zipasuke zikatia uchungu. Nadhani majirani walikuwa wamemaliza na kufagia nyua zao, naye bado yuko kwenye pipa. Ni mtu anayekushika mkono akikusalimia, halafu anakuachia kabla hujaona haya."

Mama aliondoa kiganja juu ya glasi yake. Macho yake yalibadilika, nikaona kabisa yamebadilika, na kwa dakika hiyo moja nilikuwa mke wa mtu.

"Na harufu yake?" akauliza.

Ningeweza kusema nina mafua. Neno moja tu, mafua, na kila mtu angecheka, chupa ingejadiliwa, siku ingepita. Lakini nilikuwa nimezoea. Siku arobaini zilikuwa zimenifundisha kujibu bila kufikiri. Nikamtazama Twiga, na tabasamu bado lilikuwepo, linanisubiri.

"Safi," nilisema. "Zabibu zilizokaushwa, ngozi ya kiatu kipya, tumbaku kwa mbali. Ni safi kabisa, Mama."

Niliona tabasamu la Twiga likiondoka usoni mwake, na nikaelewa, kabla sijaelewa ni nini, kwamba nimekwisha.

"Safi," mama alirudia.

Mjomba alifungua kitambaa chake kifuani. "Mvinyo huu unanuka kasha la karatasi lililonyeshewa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na dhihaka. "Mimi ninayekunywa chai nimeusikia tangu kizibo kinatoka. Kizibo kimeuozesha."

Ilikuwa hivyo. Inatokea, hata kwa chupa iliyotunzwa vizuri. Kizibo kinaharibika kwa ndani, mvinyo unanyonya ule uvundo, na mtu yeyote mwenye pua anaujua kabla glasi haijafika mdomoni. Ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa. Mwonjaji aliyesifu harufu ya mvinyo wa namna ile ni kama dereva aliyeingiza gari mtoni akisema barabara ni nzuri.

"Nilipousikia ule uvundo, moyo ulinikatika," mama alisema. Alikuwa anazungumza na glasi. "Miaka kumi na nne naitunza. Halafu nikajiambia, tulia, mwangalie huyu binti. Akiwa na ujasiri wa kumwambia mjane kwamba chupa ya mwisho ya mume wake imeoza, mchukue, ni mtu wa kweli. Nilikuwa nimeshakuchukua. Ulivyomsema mume wangu, nilikuwa nimeshakuchukua."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Umenibembeleza kama mtoto mdogo," alisema. "Kwa uso mkavu. Hayo maneno mazuri nani alikufundisha? Mwanangu ndiye aliyekupa ya kusema?"

Twiga alisema hapana, Mama, sikumwambia kitu. Mama hakumsikia au hakutaka. Nami sikuweza kukaa. Niliinuka, kiti kikaanguka, nikafungua mlango wa kwanza niliouona, na huo ukawa mlango wa ngazi za ghalani.

Chini kulikuwa na baridi na mapipa safu mbili. Mara zote nilizowahi kushuka pale, harufu ilinipokea kabla ya giza: mwaloni, mvinyo uliomwagika, mawe yenye maji. Sasa palikuwa mahali penye baridi tu. Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho na kuziba uso.

Nilisikia hatua zake. Hakukaa. Alisimama mbele yangu, akiwa ameinama kidogo kwa sababu ya dari.

"Nieleze," alisema.

"Ulitabasamu," nikasema. Aibu ya mtu ni kwamba hata katika kuanguka anatafuta wa kuanguka naye.

"Nilitabasamu kwa sababu niliusikia uvundo. Baba yangu anisamehe, chupa yake imeoza na mimi nilifurahi. Nikasema hii ni bahati. Atainusa mara moja, atasema, na Mama atajua nimemleta nani." Akainama zaidi. "Kwa nini ulisema safi?"

"Sinusi."

"Hunusi nini?"

"Sinusi kitu. Tangu yale mafua."

Nilimwona anahesabu kichwani, wiki baada ya wiki, na nilijua hesabu itamfikisha wapi, na sikuwa na la kuizuia.

"Jumapili," alisema. Akagusa chini ya sikio lake. "Jumapili uliweka pua hapa. Ukafumba macho. Ukaniambia nanukia mwaloni na moshi."

"Ndiyo."

"Jumapili nilishinda chini ya gari. Nilinuka dizeli mpaka Mama akanikataza nisikalie kochi lake. Nikadhani unanitania." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa ulikuwa unafanya nini pale shingoni kwangu?"

"Nilikuwa nakumbuka," nikasema.

Hapo uso wake ulivunjika. Nilinyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa pipa. Hiyo hatua moja ninayo mpaka leo.

Nilisema yote kwa mkupuo. Kwamba niliogopa. Kwamba meza ile ya upande wa kaskazini ilikuwa meza ya Pua, na mimi sikuwa Pua tena. Kwamba mama yake alikuwa ananikataa nikiwa mzima, angenipokeaje nikiwa na kilema? Kwamba kila nilipotaka kusema alikuwa ananitazama kwa furaha, na mimi ni mwoga, sikutaka kuwa mtu wa kuizima.

"Pua ni pua," alisema. "Watu wanakatwa miguu na wanaoa. Ungeniambia, tungelia siku moja, siku ya pili nikutafutie daktari mwingine. Leo mezani ningekupiga teke la kukuonya."

"Ulinipenda kwa sababu ya pua."

"Nani amekuambia?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nilikupenda kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia mvinyo wangu mzuri, na wewe ukaniambia unanuka mpira. Niliiweka barua yako chini ya mto mwezi mzima. Nikasema, huyu hawezi kunidanganya hata nikimlipa."

Nikainuka kwenye ngazi.

"Siku arobaini," akasema. "Umenionjesha uongo kwa kijiko, na mimi nikawa nameza na kusema asante. Sasa sijui lipi lilikuwa la kweli. Ukisema unanipenda, nalo unalikumbuka tu?"

"Usiseme hivyo. Tafadhali. Niulize chochote, nitakujibu sasa hivi, hapa hapa."

"Ndiyo hilo," alisema. "Sitaki kuwa wa kuuliza."

Nilimshika shati. Sikuona haya, nililishika kwa mikono miwili na kuweka uso kifuani kwake, na kwa mazoea nikavuta pumzi. Hakukuwa na kitu. Kifua cha mtu ninayempenda kuliko wote, na kwa pua yangu hakikuwa na tofauti na ukuta. Alinibandua mikono kidole kimoja kimoja, kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko angenisukuma.

"Nenda ukamwambie Mama mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kusimama pale kukutetea kwa jambo ambalo hukuniambia."

Alielekea ule mlango mfupi unaotokea uani. Miaka miwili kila alipoukaribia nilimwambia neno moja, "Kichwa," naye akainama. Safari hii sauti haikutoka. Akajigonga kovuni, mlango ukatikisika, na hakugeuka.

Mama yangu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikimcheka, namwambia misemo yake ni ya kutishia watoto. Pale ghalani niliielewa, na nikatamani kutoroka kupitia mlango huohuo, nitembee kwa miguu mpaka barabarani, nisionekane tena na mtu wa nyumba ile. Miguu ilikuwa tayari. Lakini kulikuwa na jambo moja alilonipa nifanye, na kama nisingelifanya, basi kweli hakukuwa na kitu chochote ndani yangu cha kuaminiwa. Nikapanda ngazi.

Mjomba alikuwa ametoka kwenda barazani. Mama alikuwa peke yake mezani, chupa mbele yake, miwani imening'inia kwenye kamba. Alikuwa amelia na amekwisha kujifuta. Niliinua kile kiti nilichoangusha, sikukikalia.

"Mama, sina pua," nilisema. "Ilikufa na mafua, siku arobaini zilizopita. Nimemficha mwanao, nimeficha kazini, na leo nimekuficha wewe. Sikukubembeleza. Sikuusikia uvundo. Ningeusikia ningesema, hata kama ungenifukuza."

Saa ya ukutani ilipiga na kumaliza.

"Jumatatu nitawaambia na kazini," niliendelea, kwa kuwa ukishafungua mlango wa namna hiyo huwezi kuufunga nusu. "Sikuja kuomba chochote. Nimekuja kusema tu."

"Hukusikia kitu?" aliuliza. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alivaa miwani. Akanitazama usoni, kwenye pua kabisa, kama fundi anayeangalia saa iliyosimama.

"Sasa yale mengine uliyatoa wapi? Kukamua taratibu, na majirani kufagia nyua. Tuligombana kwa jambo hilo miaka thelathini. Watu wote wamemaliza, wamelala, yeye bado yuko kule chini anasema ngoja, ngoja kidogo. Hata mwanangu hajui. Alikuwa mdogo, na sisi tulikuwa tunagombania chumbani."

"Ni kinywani, Mama. Ukakasi hauhitaji pua. Kizibo kimeharibu harufu, mikono yake hakikuigusa. Bado imo."

Mama aliinua glasi yake. Nilimwona anajitahidi. Aliisogeza mpaka mdomoni, uso ukajikunja, akaiweka chini tena. Alijaribu mara ya pili, amebana pumzi, na alipoiachia uvundo ukamkuta. Machozi yalimtoka upya.

"Siwezi," alisema. "Nikiisogeza ni uozo tupu. Miaka kumi na nne, na ya mwisho siwezi kuinywa."

Kisha akaisukuma ile glasi juu ya kitambaa, polepole, ikapita katikati ya meza ikafika upande wangu.

"Keti," alisema. "Kunywa. Uniambie tena."

Niliketi. Nje, uani, injini ya pikapu ilikohoa mara mbili, ikashika. Naijua sauti hiyo, nimekaa nje ya gereji Jumapili nyingi nikiisubiri. Nikageuka dirishani, nikiwa nimeshainuka nusu. Gari lilirudi nyuma, likageuka kando ya mapipa matupu, likaelekea getini, na kupitia kioo cha nyuma niliona kichwa chake kinakaribia kugusa paa.

Mama pia alikuwa anasikiliza.

"Baba yake alikuwa na hasira za kurudi," alisema. "Anafika mwisho wa mizabibu, anarudi. Huyu wangu sijui. Hajawahi kuondoka."

Geti liligonga. Sauti ya gari ilishuka mteremko, ikawa ndogo, na mimi bado nilikuwa nusu nimekaa nusu nimesimama, glasi mkononi.

"Keti, mwanangu," mama alisema. Ndilo neno nililolisubiri mwaka mzima. "Anza na mikono."

Nikaketi. Nikanywa, nikaushikilia mvinyo mdomoni mpaka fizi zikashikwa na kuachiwa, na nikaanza kumweleza mikono ya mume wake, huku nikisikiliza barabara.